Nguo ninazo, mbona sionekani nadhifu?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, na mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Nafanya kazi ofisini. Kuanzia mwezi ujao nimepewa jukumu la kukutana na wateja ana kwa ana. Nimefurahi, lakini hofu imeniingia kwa sababu ya namna ninavyoonekana.

Si kwamba sina nguo. Kabati limejaa hadi mlango haufungi vizuri. Lakini kila asubuhi navaa hii, navua, navaa ile, navua, kitanda kinafunikwa na nguo, mtoto analia, na mwishowe natoka na chochote nilichokuwa nimevaa muda ulipokwisha. Nikifika kazini suruali inafagia sakafu, na shati limeachia kati ya vifungo viwili vya kifuani, basi natembea nimelishika kwa mkono. Nina blauzi nyeupe ya kitani ninayoipenda sana. Naipiga pasi inanyooka kabisa, lakini nikishuka tu kwenye gari imeshajikunja mgongoni na tumboni.

Kuna mwenzangu tunakaa naye chumba kimoja. Yeye ni shati na suruali, basi. Hana mapambo, uso wake haujapakwa chochote cha maana, na sijawahi kumsikia akizungumzia mavazi. Lakini kila siku yuko safi, ametulia, ukimwona unajua huyu amejipanga. Mimi ninayehangaika ndiye ninayeulizwa, "Vipi, unaumwa?" Juzi nimeulizwa tena na mkuu wangu, mbele za watu.

Mwili wangu umebadilika tangu nijifungue mara ya pili. Nguo zangu nyingi ni za zamani, nilizinunua nikiwa mwembamba, na kila siku najiambia kwamba nitarudi. Mume wangu anasema niko vizuri tu. Nimetazama video nyingi mitandaoni, ila karibu zote zinaishia kunitaka ninunue kitu, au niamke saa moja mapema. Sina hiyo saa, Shangazi. Usingizi wenyewe ni wa kuibia.

Nifanye nini ili nionekane nadhifu bila kujitesa? Na jambo dogo la mwisho: dada yangu amenipa koti lake la suti, zuri sana, ila mabega yake yamepita yangu na mikono inanifika kwenye vidole. Nilipeleke kwa fundi, au niachane nalo?

Ni mimi mwanao,
Niliyechoka kukurupuka

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera. Waliokukabidhi wateja wameona unafaa, na wameona hivyo ukiwa ndani ya suruali hiyohiyo inayofagia sakafu. Hilo liweke moyoni kabla hatujagusa kabati.

Pili, nianze na lile lililokuumiza, la kuulizwa kama unaumwa. Wewe mwenyewe unajisikiaje? Ikiwa unaamka umechoka hata siku uliyolala vya kutosha, ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio, au unasikia baridi wakati wenzako wako sawa, nenda ukapime damu. Upungufu wa madini ya chuma hutokea sana kwa wanawake waliojifungua, na tezi ya shingo nayo inaweza kuyumba katika kipindi hicho. Yote mawili huweza kujionyesha usoni, na yote mawili yana tiba. Hakuna shati linaloweza kufanya kazi ya dawa. Ukipimwa ukakutwa mzima, vizuri, endelea kusoma ukiwa na amani.

Sasa tuje kwa mwenzako. Kesho mtazame tena, lakini usitazame nguo zake. Tazama pale zinapoishia. Nina hakika utakuta kola imesimama, mkono wa shati umefika kwenye kifundo cha mkono ukakomea hapo, suruali imegusa kiatu ikaishia hapo, kisigino cha kiatu hakijalika upande mmoja, kucha zimelingana, na nywele zina mpaka unaoeleweka zinapokutana na shingo. Kwa muda mrefu nimeshika msimamo huu na sijaona sababu ya kuuacha: macho ya watu hukimbilia kingo. Kingo zikiwa safi, katikati husamehewa, hata kama shati ni la kawaida na rangi imeanza kuchoka. Kingo zikichakaa au zikiburuzika, hata blauzi ya hariri haikuokoi. Wewe kila asubuhi unabadilisha katikati, blauzi hii kwa ile, huku kingo zikibaki zilezile. Ndiyo maana unahangaika na hupati tofauti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya fundi cherehani, na wala si kubwa. Chukua suruali mbili au tatu unazozivaa zaidi, beba na viatu unavyovivaa nazo, na usikubali kupimwa pindo ukiwa pekupeku. Mbele, pindo liguse juu ya kiatu kidogo tu. Nyuma lifunike sehemu ya kisigino bila kufika chini. Kumbuka kwamba suruali iliyopimiwa viatu bapa haitakuwa ya viatu virefu, na kinyume chake. Amua mapema kila suruali ni ya kiatu kipi, uishi hivyo. Ni uamuzi mmoja unaokufutia mingine mingi ya asubuhi.

Shati linaloachia kifuani nalo lina dawa, tena ya namna mbili. Kwa mashati uliyonayo, kama mvutano si mkubwa, mwambie fundi ashone kifungo kidogo cha kubonyeza, kile kisichoonekana kwa nje, katikati ya vifungo viwili vinavyoachia. Ukija kununua shati jingine, chagua linaloenea kifua bila kuvutika, kisha fundi apunguze kiunoni. Watu wengi hufanya kinyume: huchagua shati linaloenea kiuno, halafu kifua kinateseka mwaka mzima.

Na nikiwa hapohapo kifuani, sidiria. Umezaa mara mbili, huenda umenyonyesha mara mbili, na bado unavaa kipimo cha zamani? Pimwa upya. Kinachobeba uzito ni mkanda unaozunguka mwili chini ya matiti, wala si zile kamba za mabegani. Ukiona mkanda umepanda juu mgongoni, umelegea. Ukiona nyama imejitokeza juu ya kikombe, kikombe ni kidogo. Hili likirekebishwa, mashati yako yote yatakaa tofauti siku hiyohiyo, na huenda hata kile kifungo cha siri usikihitaji.

Sasa nguo za zamani. Hapa naomba tukae kidogo, maana nadhani ndipo penye uchovu wako halisi.

Nguo inayokubana inakusema kila asubuhi kabla hujasalimiwa na mtu yeyote. Unaivaa, inagoma, unaivua, na tayari umeshajisikia vibaya kabla ya saa moja. Ukirudia hivyo mara tatu nne, unatoka nyumbani umeinama. Mwili wako umebeba watoto wawili. Mwili huo ndio unaokwenda kazini mwezi ujao, na ndio unaostahili nguo. Sikwambii uache kutamani kupungua, hilo ni lako na daktari wako. Nakwambia usivalishe mwili wa leo kwa ratiba ya mwili unaousubiri.

Siku moja jioni, watoto wakishalala, toa kila kitu kinachokubana au kukupwaya. Usitupe. Fungasha kwenye mfuko au sanduku, weka nje ya chumba unachovalia. Kabla hujafungasha, pindua suruali na magauni uangalie mishono kwa ndani. Nguo zilizoshonwa vizuri huachiwa kitambaa cha akiba, hasa suruali kwenye mshono wa nyuma katikati na gauni kwenye mbavu. Ukikuta sentimita moja au mbili kila upande, fundi anaweza kuachia ukapata nafasi ya kupumua. Angalia tu isiwe nguo iliyopauka, kwa sababu mstari wa mshono wa zamani utabaki ukionekana kwa nje. Kitakachobaki kabatini kitakuwa kidogo, na utashtuka. Kabati lililobaki na nguo chache, zote zinazokuenea, ndilo kabati la mwenzako.

Katika hizo chache, panga mavazi matano kamili. Ninaposema kamili namaanisha juu, chini, nguo ya ndani inayofaa, mkanda, kiatu, na mtandio kama unajitanda. Vaa kila moja mbele ya kioo, kisha fanya ambayo wengi hawafanyi: kaa kitini, inua mikono juu, inama kama unayeokota kalamu. Vazi likifunguka, likipanda au likikulazimisha kulivutavuta, halijafuzu, hata kama ukiwa umesimama tuli linapendeza. Mbele ya wateja utakaa, utanyoosha mkono kusalimia, utainama kutoa karatasi. Yaliyofuzu yapige picha kwa simu yako. Asubuhi hufikiri tena, unaangalia picha na kuvaa. Na usiogope kurudia vazi lilelile wiki inayofuata. Mteja atakumbuka kama ulimsikiliza na kama ulikuwa msafi. Hatakumbuka Jumanne uliyopita ulivaa rangi gani.

Ili vitu vioane bila kuumiza kichwa, chagua rangi moja iliyokolea iwe ya chini daima: bluu nzito, kijivu, kahawia au nyeusi. Halafu juu weka rangi zinazoamsha uso wako. Simama dirishani mchana, weka nguo moja baada ya nyingine chini ya kidevu, na utaona nyingine inakupausha na nyingine inakupa uhai. Zile zinazokupausha zinaweza kuwa ndizo zinazowafanya watu wakuulize kama unaumwa. Na kwa mama mwenye mtoto wa mwaka na nusu, nakupendekezea sana nakshi ndogondogo. Kitambaa chenye maua madogo au mistari myembamba huficha mikunjo na alama ya kidole cha mtoto, kazi ambayo nyeupe tupu haiwezi.

Hiyo nyeupe ya kitani nayo, pole, lakini si ya siku za kazi. Hujakosea kuipiga pasi; ndiyo tabia yake. Kitani na pamba ni nyuzi za mmea, na nyuzi hizo hazina mnyumbuliko wa kurudi zilivyokuwa. Ukizikalia zikapata joto na unyevunyevu wa mwili, hukaa vile zilivyokunjwa. Kitani ndicho kikaidi kuliko vyote. Ivae siku ya mapumziko, ambapo mikunjo yake ni sehemu ya uzuri wake. Kwa ofisi tafuta pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo, au kitambaa chenye mnyumbuliko kidogo. Poliesta tupu haijikunji kirahisi, ila hushika harufu ya jasho kuliko pamba, kwa hiyo isiwe ndiyo inayogusa kwapa zako siku nzima. Ukijaliwa kuwa na suruali au sketi ya sufu nyepesi, itundike usiku na asubuhi utaikuta imejinyoosha yenyewe kwa kiasi kikubwa.

Tabia hiyohiyo ya pamba unaweza kuigeuza ikufanyie kazi. Kama inakubali kukaa vile ilivyokaukia, basi ikaukie ikiwa imenyooka. Shati likitoka kwenye maji, likung'ute kwa nguvu, litundike kwenye henga likiwa bado bichi, funga kifungo cha juu, nyoosha kola na mishono kwa vidole. Likikauka hivyo, nusu ya kazi ya pasi imekwisha, na siku nyingine utapitisha kola na mikono tu. Linalohitaji pasi lipigwe likiwa na unyevu kidogo, hunyooka upesi kuliko likiwa kavu kabisa. Soma na ile alama ya pasi kwenye lebo: nukta moja ni joto la chini, mbili ni la kati, tatu ni la juu. Poliesta ikiungua hupata mng'ao usioondoka, na nguo hiyo huonekana nzee hata ikiwa mpya. Nyeusi zako zigeuze ndani nje unapofua, tumia maji baridi, anika kivulini, zitakaa nyeusi kwa muda mrefu zaidi.

Halafu kuna sheria moja ningekuomba uishike kuliko zote: nguo isiyo tayari kuvaliwa isirudi kabatini. Kifungo kimelegea, pindo limefumuka, kuna doa, zipu inasumbua, nguo hiyo ikae kwenye kikapu chake hadi itengenezwe. Asubuhi zako zinaharibiwa na nguo ambazo zilishakufa ukazirudisha kwenye henga. Ukinyoosha mkono kabatini, chochote utakachoshika kiwe ni cha kuvaa papo hapo.

Vazi la kesho litoke usiku, likiwa limetundikwa zima na kiatu chini yake. Na asubuhi livae mwisho kabisa. Mlishe mtoto, mbebe, mfute pua ukiwa na nguo ya nyumbani, kisha ukishamkabidhi ndipo ubadilishe. Kama lazima umbebe hadi mlangoni, vaa shati kubwa kuukuu juu ya lako na ulivue unapotoka. Mama wengi wamefika kazini na alama begani ambazo hawakujua wanazo.

Mengine niyapitie haraka. Viatu vya ngozi vifutwe usiku kwa kitambaa chenye unyevu, vipakwe rangi mara moja kwa wiki, na visivaliwe siku mbili mfululizo, ili jasho lililoingia ndani likauke. Kisigino kikianza kulika upande, kipeleke kwa fundi viatu mapema, maana kikishalika hadi kwenye ngozi kazi inakuwa nyingine. Kucha zikate fupi na uache hivyo. Rangi ya kucha iliyobanduka ni mbaya kuliko kucha tupu. Dawa ya kuzuia jasho, ile yenye chumvi za alumini, ipake usiku kwapa zikiwa kavu, ndipo inapofanya kazi vizuri zaidi. Ukiona madoa ya manjano kwapani mwa nguo nyeupe, usiyamwagie dawa ya klorini, yataongezeka ukali. Mafuta ya ngozi yapake ukitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na uso wako hautapauka ifikapo mchana. Vipodozi ni hiari yako. Kama utataka kimoja tu, kiwe cha midomo.

Nywele zinataka neno la ziada, kwa sababu watu hudanganyika hapa. Nywele za kichwani hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Mtindo mfupi sana uliochongwa hupendeza, lakini baada ya wiki chache tu mpaka wake unapotea, na unarudi kwenye kiti cha kinyozi. Kama huna muda wa kurudi huko mara kwa mara, huo si mtindo wa kazi ndogo hata kama asubuhi huuchani. Chagua unaoweza kulala nao: wa kusukwa, wa kubana nyuma, au unaofunikwa. Lala na kitambaa cha satini kichwani au foronya ya satini, msuguano unapungua na asubuhi unakuta kilichobaki ni kutengeneza kingo tu, mbele na shingoni.

Usifanye yote haya wiki moja. Fanya fundi kwanza, sidiria ya pili, na jioni ya kabati ya tatu. Mengine yatafuata yenyewe kabla hujakutana na mteja wa kwanza. Na mume wako mshirikishe: anayesema uko vizuri anaweza pia kumshika mtoto kwa dakika kumi wakati unavaa.

Kuhusu koti la dada, tazama bega. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Mikono mirefu ni kazi ya kawaida, fundi huikunja na kuishona. Lakini bega lililopita ni mambo mengine: inabidi kufumua mikono, kupunguza bega, kuangalia upya pedi na bitana, na mara nyingi gharama yake haiko mbali na ya koti jingine, na bado halikai sawa. Kwa ulivyonieleza, hilo limekupita kwa yote mawili. Mrudishie kwa shukrani, na ile pesa uliyotaka kumpa fundi kwa ajili ya koti, mpe kwa ajili ya mapindo ya suruali zako.